Ubao Unasema Sipo

Ninyi wa zahanati ya Kalembela mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Kwanza, sijasahau kitu. Pili, nani alipandishwa daraja na nani alirukwa hamtayapata hapa, hayo yamo kwenye mafaili, na faili halijawahi kuzalisha mtu. Nitaandika juu ya baiskeli, simu, na kitufe chekundu nilichokikataa. Atakayeona ninajisifu na aruke ukurasa.

Ipo namba moja ya simu iliyoandikwa kwa mkaa kwenye milango ya mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, kuanzia Kalembela hadi vitongoji vya mwisho msituni. Mnaijua. Nilipokuwa nastaafu walikuwapo watu waliotaka ifungwe, na walikuwa na sababu zilizopigwa chapa vizuri. Naandika ili ajaye akiambiwa aifunge ajue anaambiwa afunge nini.

Mimi ni mtoto wa Isevya, Tabora mjini. Baba alikuwa akishona kanzu kwenye baraza la duka la Waarabu, na mimi nilifika Kalembela na viatu vyeupe. Bibi mmoja akanisalimia "mwangaluka", nikajibu "salama", watoto wakaangua kicheko. Nikadhani nimeonewa. Baadaye nilijua kwamba salamu ile hujibiwa kwa salamu ileile, na kwamba mkunga asiyejua kusalimia hatapewa mtoto wa mtu.

Aliyenipokea ni Sista Paskalina, muuguzi mkunga mzee, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinipa baiskeli. "Zunguka," akasema. "Ukirudi uniambie njia ya kwa kila mtu." Nilizunguka wiki mbili. Mnyororo ulichomoka kila penye mchanga, na penye mchanga ni kila mahali. Nilijifunza bani la fulani, mzinga wa fulani, kisima cha fulani, mpaka nikaweza kufika popote bila kuuliza. Viatu vyeupe nilimpa mtoto wa jirani achezee.

Somo lake la pili nilidhani ni la kijinga. Mtu akija mbio kituoni, akasema mke wangu, usimwulize ni nani wala ana nini. Muulize yuko wapi. "Jina halikufikishi," akasema. "Ugonjwa utauona mwenyewe. Uliza mahali, ukiuliza uwe umeshashika mkoba." Nimezalisha miaka thelathini na miwili na sijaona kitabu kilichosema jambo hilo vizuri zaidi.

Alipostaafu aliniachia kifaa chake cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, kile tulichokiita tarumbeta. Upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, upande mwingine unatia sikio. Hakihitaji betri. Ninyi mnacheka mkikiona, lakini siku betri zenu zinapokwisha huwa mnajua kilipo.

Simu zilipoanza kutufikia, mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zahanati. Mtu mzima na heshima zake anapanda kichuguu, anasimama wima na mkono mmoja hewani, anapiga kelele mambo ya ukoo wake kijiji kizima kisikie. Nilinunua simu ya kitochi, nikawaambia kina mama wa kliniki: salio nyinyi hamna, na mimi nalo ni la kubangaiza, basi tubipu. Ukinibipu mara moja, uchungu umeanza, jiandae, tunakuja. Ukinibipu mara mbili, kuna hatari, nipigie sasa hivi. Mara mbili nikiiona nitapiga hata kama nina mkono mmoja ndani ya ndoo ya kuoshea vyombo. Mnara ulipojengwa tukaachana na kichuguu, lakini utaratibu wa kubipu ukabaki.

Aliyeanza kuiandika namba yangu kwenye mlango ni Bibi Kalunde. Hakusoma, lakini aliinakili tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye kadi ya kliniki ya mkwewe, kwa mkaa, kwenye mlango wa bani lake. Nane zake zililala ubavu. Nilipomwuliza kwa nini bani na si nyumba, akanitazama kwa huruma. "Nyumba inaingiwa na wenyewe," akasema. "Bani linapitiwa na kila mtu." Msimu uliofuata mabani yote ya upande ule yalikuwa na namba yangu. Na wenye kubipu ovyo walikuwapo, msidhani. Kuna kijana mmoja alinibipu mara mbili kuniuliza kama zahanati tuna dawa ya chunusi. Nilimpigia simu na nikamjibu, na nadhani mpaka leo bado anayo majibu yangu.

Basi ukaja mradi. Jina lake silitaji, ulishakufa na maiti haisemwi. Vijana nadhifu kutoka Dar walishuka kwenye gari na simu za kupangusa, moja kwa kila mhudumu, wakazihamishia laini zetu. Shida yenu, walisema, ni kwamba mpigaji hajui kama mnapatikana. Kuanzia leo atajua. Ukiwa huru unabonyeza kijani, simu inaita kama kawaida. Ukiwa na mgonjwa unabonyeza nyekundu. Ukiwa mapumzikoni, njano. Anayepiga wakati wa nyekundu simu haimwitii, inamsomea sauti ya dada mmoja mpole: "Mhudumu unayempigia ana shughuli kwa sasa. Tafadhali subiri, au piga baadaye." Na huko mjini, kwenye ofisi ya mradi, kulikuwa na ubao mkubwa wa kioo unaoonyesha majina yetu sote na rangi zetu.

Niliwauliza, anayebipu je? Mratibu wao, kijana mwenye adabu, akacheka kidogo. "Mama, kubipu ni mambo ya zamani." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki, kwa sababu si desturi yangu kunyamaza.

Wiki za mwanzo nilibaki kijani siku nzima. Mratibu akapiga simu kulalamika. "Mama Zuhura, takwimu zako haziaminiki. Binadamu gani yuko kijani muda wote?" Nikamwambia mkunga. Akasema tafadhali tumia rangi zote. Haya, nikatumia.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio. Asubuhi alikuja mama wa mimba ya kwanza, nikabonyeza nyekundu kama mtoto mzuri wa shule, nikaingia naye chumba cha kuzalia. Alijifungua salama saa nne, alichanika, nikamshona, nikamwosha mtoto, nikaandika rejista. Muuguzi mwenzangu Rehema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na mwaka mmoja kituoni, alikuwa zamu ya mapumziko. Nikaosha mikono, nikaenda kula ugali na maharage. Simu ilikuwa mfukoni, kimya, na mimi nilifurahia ule ukimya. Kitufe nilikisahau.

Saa nane akaja mwanamume na baiskeli, shati limemgandia mwilini. Nilimtambua, mtoto wa Bibi Kalunde. Sikumwuliza yuko wapi. Nilijua.

Bodaboda ilinifikisha kwa muda ambao hata sasa siwezi kuukadiria. Nyamizi, mkwe wa Bibi Kalunde, alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekuwa ya kijivu, vitenge viwili vimelowa damu na cha tatu kinaanza. Nilitundika maji ya mshipa kwenye msumari wa mlango. Nikatoa tarumbeta nikatafuta mapigo ya mtoto kushoto, nikatafuta kulia, nikarudi kushoto. Nilibana pumzi nisije nikasikia zangu. Hapakuwa na kitu.

Gari lilipatikana, Nyamizi akafika hospitali mjini, akaongezewa damu, akapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Mnaijua sheria yangu ya kutolia mbele ya mzazi. Siku ile niliitimiza kwa shida.

Nilirudi kwao siku ya tatu. Bibi Kalunde alikuwa kwenye kigoda nje ya bani, na simu yake ndogo imefungwa kwenye pindo la khanga. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Pole na kazi, mwanangu."

Nikamwuliza, bibi, mbona hukunitafuta mapema?

"Nilikutafuta. Damu ilipoanza nilibipu, yule dada akaniambia una shughuli, nisubiri. Nikasubiri. Nikapiga tena, akaniambia vilevile."

"Ukakaa?"

"Nikakaa. Nikija kwako nikaambiwa una mgonjwa ndani, si nitakaa barazani? Nitapiga hodi juu ya hodi, mimi mtu mzima?" Alikuwa ananieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba amenikosea. "Nilijua utamaliza utanipigia. Wewe ukibipiwa mara mbili huwa unapiga."

Alikuwa akimtii yule dada wa kwenye simu. Aliambiwa asubiri, akasubiri, kama alivyolelewa, kama watu wote wa huku walivyolelewa: ukishaambiwa mwenyeji ana shughuli, kuendelea kubisha ni utovu wa adabu. Kijana wa mjini akisomewa sauti ile atapiga mara kumi na tusi juu yake. Bibi Kalunde alikaa na adabu zake, na damu inatoka. Nilimwambia kosa ni langu. Akasema hapana, kazi ni nyingi. Nilitamani anitukane.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huninukuu vibaya. Mimi ndiye niliyebonyeza nyekundu na mimi ndiye niliyesahau kuirudisha kijani. Sijawahi kulikana hilo, na nikisimama mbele ya Mungu nitalisema kabla sijaulizwa. Lakini nilikataa kukubali kwamba dawa ya kosa langu ni kuwa makini zaidi na kitufe. Mkunga husahau. Akitoka kwenye uzazi mgumu husahau hata jina lake. Mlango unaojifunga kila mlinzi akisahau haufai kuwa mlango wa hospitali.

Jioni ileile nilichomoa laini yangu kwenye simu ya kupangusa, nikairudisha kwenye kitochi. Ile simu yao niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini juu ya mabomba ya sindano. Kuanzia hapo, kwenye ubao wao wa kioo, jina langu likawa la kijivu. Kijivu maana yake hayupo.

Niliishi kijivu miezi minne. Nilizalisha, nilichanja, nilipanda bodaboda kwenda kwenye mizinga kumtoa mrina asali aliyeanguka mtini, na ubao unasema sipo. Ikaja barua ya kujieleza. Nikajieleza kwa mistari mitatu. Ikaja ya pili, kwamba maelezo hayajitoshelezi. Ikaja ya tatu, niitikie wito ofisini mjini, na kwamba nisipokuwa na maelezo ya kuridhisha nitapendekezwa kuhamishwa kutoka Kalembela. Hapo niliogopa, kusema kweli. Si kwa ajili yangu, kwetu ni mjini na ningelala nyumbani. Niliogopa kwa sababu nikiondoka, namba ingeondoka na mimi, na milango yote ile ya mabani ingebaki inawadanganya watu.

Nilikwenda na rejista ya wazazi kwapani na tarumbeta mkobani. Walikuwa watu watatu mezani na Mratibu katikati, na nyuma yao ubao wenyewe unang'aa. Jina langu lilikuwa pale, la kijivu.

"Shikamoo, Mama," Mratibu akasema.

"Marahaba. Unamsalimia nani? Ubao unasema sipo."

Mmoja akakohoa. Mratibu akanionyesha chati, akanieleza kwamba mfumo umefanya kazi vizuri katika vituo vingine vyote. Juu ya mkasa wa Nyamizi walisikitika sana, lakini wamechunguza, na mfumo hauna kosa. "Ni kosa la mtumiaji," akasema.

"Mtumiaji yupi?"

"Aliyesahau kubadilisha."

"Huyo ni mimi, nimeshakubali. Na Bibi Kalunde je? Yeye alitumia vipi vibaya? Mlimwambia asubiri, akasubiri."

"Angeweza kupiga namba nyingine, Mama."

"Ipi?"

Akapekua karatasi. Nikafungua rejista, nikawasomea. Sikuwasomea hesabu, niliwasomea majina ya akina mama waliozaa siku ambazo ubao ulisema sipo, jina baada ya jina, na kitongoji cha kila mmoja. Nilipofika ukurasa wa tatu mwenyekiti akasema inatosha. Nikasema haijatosha, nikaendelea. Kisha nikaweka tarumbeta mezani. Nikawaambia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nihamisheni mkitaka, barua yenu nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini sitabonyeza tena kitu kinachomwambia mwanamke anayevuja damu asubiri.

Walinipa onyo la maandishi. Uhamisho haukuja. Mpaka leo sijui kama waliniogopa au walikosa mtu wa kukubali kwenda Kalembela, na nawashauri msilichunguze.

Nikarudi kituoni kifua mbele, na aliyenishusha ni Rehema. Mnamjua Rehema wa sasa, mwenye sauti. Wakati ule alikuwa msichana mnyamavu mwenye mtoto wa kunyonya mgongoni, na yeye alikuwa anazipenda zile rangi. Siku yake ya mapumziko alikuwa njano kutoka asubuhi hadi jua linazama. Nikamwita mvivu mbele ya wagonjwa. Nikamwambia enzi zetu hatukuwa na njano.

Alimaliza kupima presha ya mzee aliyekuwa naye. Akamvua kipimo, akakikunja. "Mama," akasema, "enzi zenu mlikuwa na mama zenu wa kuwalelea watoto. Binti yako alikulia kwa nani?"

Alikulia kwa mama yangu, Isevya. Nilikuwa nikienda mwisho wa mwezi, na aliniita "Nesi" kama wote walivyoniita, mpaka akafika darasa la pili. Kila mtu alikuwa ananipata, isipokuwa yeye. Rehema alikuwa anajua, kituo kizima kilikuwa kinajua.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Rehema akaongeza. "Unajisifu kwamba babu zako walikuwa wapagazi, walibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani. Sawa. Lakini walipokezana, Mama. Hakuna aliyebeba peke yake miaka thelathini akasema hiyo ndiyo sifa."

Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwita, nikavua kitochi shingoni, maana nilikuwa nakitundika kwa kamba ya khanga, nikamvisha yeye. Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu mnaoufuata. Namba si ya Zuhura tena, ni ya zamu. Anayeingia zamu anavaa simu, anayetoka anaivua, na hakuna kuivua mpaka shingo ya pili iwe imeinama. Ukiwa kwenye uzazi, unamwita mwenzio aivae. Kama huna mwenzio, unampa hata mama anayesubiri kliniki aishike, ikiita apokee aulize uko wapi. Anayevua anakwenda kulala, na asisumbuliwe. Simu zenu wenyewe wekeni njano, wekeni zambarau, hainihusu. Kitochi hakina rangi. Rehema alishinda nusu na mimi nikashinda nusu, ingawa mimi husema nilishinda zaidi.

Mratibu alikuja kuona. Alisimama mlangoni akamtazama Rehema anamvisha simu mwenzake, akauliza, sasa kwenye mfumo tuwaandike vipi? Nikamwambia aandike tupo. Mwaka uliofuata mradi ukafunga virago, na kile kioo nasikia kilibaki kinaonyesha mpira.

Nyamizi alizaa tena. Alibipu mara moja, kwa heshima zote, akaja na miguu yake. Msichana. Nilimsikiliza kwa tarumbeta kushoto, nikamsikia, na nikakaa pale naye muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyamizi akauliza kuna nini. Nikamwambia nasikiliza tu.

Kustaafu kwangu mlikuwapo. Mlinipa vitenge, godoro, na saa ya ukutani kwa mtu aliyeishi kwa kuhesabu dakika za uchungu wa watu. Ahsanteni. Mkubwa mpya wa kituo akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, ni mali yangu binafsi, na kituo hakiwezi kuendelea kutumia namba ya mstaafu. Niondoke nayo, na kina mama watatangaziwa namba mpya ya mfumo mpya, wa kisasa, ambao, alisema, utamwonyesha mpigaji kama mhudumu anapatikana. Nilicheka mpaka akashtuka. Nikamwuliza, ile milango ya mabani utaifuta wewe kwa mkono? Akasema mambo hubadilika. Nikamwambia ni kweli, na nikaondoka bila laini. Ilikuwa shingoni kwa Rehema na mimi sikuigusa. Vidole vyangu viko hapa Isevya, nikawaandikia kwenye barua, atakayevihitaji kuhamisha usajili anajua nyumba. Mpaka leo hajaja mtu.

Mwezi wa pili wa ustaafu, nikiwa kwenye kiti changu hapa barazani, akapita mtu wa Kalembela aliyeleta asali sokoni. Katika mazungumzo akasema amesikia kile kitochi siku hizi kimewekwa kwenye droo ya mkubwa. Amesikia kwa nani, hajui. Aliendelea kueleza bei ya asali, mimi simsikii tena. Niliona mlango wa Bibi Kalunde na nane zake zilizolala. Nilimwona amekaa anasubiri.

Nimewalaani maisha yangu yote wanaobipu ovyo. Mnanijua. Siku ile nilikwenda kwa jirani yangu, muuza vitumbua, nikamwomba simu yake, maana namba yangu mpya mnayo na mngenitambua. Nikabonyeza tarakimu kwa kichwa. Ikaita, nikakata. Ikaita tena, nikakata.

Nikasubiri. Jirani akauliza napiga kwa nani, nikamwonyesha mkono anyamaze. Nilihesabu kama ninavyohesabu uchungu. Nilikuwa sijafika thelathini simu ikaita mkononi mwangu.

"Uko wapi?"

Hakuna halo, hakuna nani mwenzangu. Rehema, anahema, na nyuma yake nasikia bakuli la bati linawekwa sakafuni.

"Uko wapi, mama? Usikate simu. Niambie mahali tu."

"Isevya," nikasema.

Rehema akasema, "Mama Zuhura. Unanipima?"

"Nakupima."

"Nina mzazi kitandani na nimemwacha mwenzetu Tatu amshike mkono. Shikamoo. Kata simu, hii laini ina watu."

Nilitaka kumwambia marahaba, nilitaka kumwambia mengi. Sikuwahi. Alikwisha kunikatia.